Asali ni Dawa, Lakini Si ya Kichanga

Mjukuu wangu alipozaliwa, mke wangu alifika hospitali na kichupa cha asali, kidole ki tayari. Muuguzi akamzuia kwa upole: "Mama, asali bado. Mpaka atimize mwaka."

Mke wangu akanigeukia. "Bwana, hebu sema nawe! Si imo katika Kurani?"

Imo, tena sana. Chuoni tuliihifadhi Suratun-Nahl, sura ya 16. Aya za 68 na 69 zataja makao ya nyuki, rangi za kinywaji chake, na shifaa iliyomo kwa watu.

Rangi hizo hutokana na maua. Nyuki hufyonza maji matamu ya ua, akayachukua mzingani, na huko wakapokezana mdomo kwa mdomo na kuyapepea kwa mbawa hata maji yakabaki chini ya sehemu 20 katika 100. Kilichosalia, takriban chote ni sukari za namna mbili: ya matunda na ya glukosi. Hii ya pili ndiyo igandayo. Basi asali ikiganda, usimshuku muuzaji kwa hilo tu.

Wamisri walifuga nyuki zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwetu, Waaweer wa bara ya Lamu, tuliozoea kuwaita Waboni, humwita ndege kwa mluzi naye akawaongoza hadi penye nyuki. Asali hutuliza kikohozi, na madaktari huitumia iliyosafishwa maalumu kutibia majeraha, kwani utamu wake mzito huwanyima viini maji ya kuishi.

Lakini ndani yake huweza kulala mbegu za kijidudu kiitwacho botulinamu. Tumbo la mtu mzima huzishinda. La mtoto asiyetimiza mwaka haliwezi: huchipua humo, zikatoa sumu ilegezayo viungo hata pumzi ikawa taabu. Kuichemsha jikoni hakuziui.

Nikamwambia mke wangu: "Watoto wa Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwatia tende aliyoitafuna. Sunna haitupotei kwa kukosa asali."

Akanyamaza kitambo, akafunga kichupa. "Basi atangoja," akasema.

Mtoto alingoja; sisi hatukuweza. Kichupa kile tulikimaliza kwa mkate wa mofa kabla ya arubaini, maana mwonja asali haonji mara moja.