Linux Inapogoma Kuzimika

Umeamuru kompyuta ya Linux izimike, skrini ikawa nyeusi, kisha kikatokea kimstari kimoja: kuna huduma inasubiriwa isimame, na saa inahesabu kuelekea dakika moja na nusu. Wengi hapo hubana kitufe cha umeme mpaka mashine inyamaze. Haraka hiyo ina hasara. Kama anayesubiriwa ni hifadhidata, huenda bado anaandika diskini data iliyokuwa kwenye memori.

Linux nyingi za leo huduma zake husimamiwa na systemd, iliyoanza mwaka 2010. Kwanza huitumia huduma ishara namba 15, SIGTERM, ambayo ni ombi: maliza ulichoshika, utoke. Sekunde 90 zikipita bila jibu, inafuata namba 9, SIGKILL, na hiyo haina mjadala. Fedora waliona zimezidi, wakazishusha hadi 45 mwaka 2023.

Mashine ikiwaka tena, andika journalctl -b -1 -e. Utasoma kumbukumbu za kipindi kilichopita, kuanzia mwishoni. Zikikosekana, tengeneza folda /var/log/journal. Bila hiyo huenda zinawekwa kwenye /run, ambayo hufutika kila mashine inapozimwa. Unachotafuta ni mstari kama huu: State 'stop-sigterm' timed out. Killing. Jina lililoutangulia ndilo la mgomaji. Likiwa user@1000.service, usihangaike na seva. Mara nyingi ni programu uliyoifungua mwenyewe.

Si kila huduma iliyoandikwa failed ina ugonjwa. Programu za Java zikipokea SIGTERM hutoka na namba 143, yaani 128 jumlisha 15, na systemd huihesabu kuwa ni kushindwa. Tumia systemctl edit, uongeze SuccessExitStatus=143 chini ya [Service], basi.

Kesi ngumu ni ya mchakato ambao ps inauonyesha kwa herufi D. Huo umekwama ukisubiri diski, mara nyingi ya NFS ambayo mtandao wake umeshakatwa, na hata SIGKILL huenda isiuguse. Hapa kosa ni la mpangilio: systemd huzima kwa kugeuza utaratibu iliotumia kuwasha, kwa hiyo iandikie huduma hiyo After=remote-fs.target ili ifungwe kabla diski haijaondolewa.

Ukitaka kubadili muda wa kusubiri, badili TimeoutStopSec ya huduma husika. DefaultTimeoutStopSec, inayogusa na huduma nyingine, iache: ukiifupisha, huenda ukaifupishia na hifadhidata.