Toleo la Zamani Lisifutwe Kabla ya Nakala Kusomeka

Mto Tana ulipofurika Aprili 2024, barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilikatika eneo la Mororo. Mafuriko hayachagui nyumba wala ofisi, na faili la karatasi likishalowa ni vigumu kusomeka tena. Kwa sababu hiyo kumbukumbu za leseni za biashara, kodi ya ardhi na matibabu zinahitaji nakala kwenye kompyuta, na nakala ya pili mbali na mto.

Ugumu huja baadaye. Seva moja ya nakala huhamia toleo jipya la programu, nyingine hubaki na la zamani, na fundi huhitaji yote mawili kuzisimamia. Hana haja ya kompyuta ya pili. Kwenye mashine moja ya Linux, kila toleo hupewa folda yake, pamoja na maktaba zake za programu na faili lake la mipangilio. Amri fupi ya kuanzisha kila toleo hutaja folda ipi itumike kwa wakati huo tu. Ikiwekwa ya kudumu, matoleo huchanganya maktaba na kugoma.

Kosa baya zaidi ni kusakinisha jipya juu ya la zamani. Mkaazi anayetafuta risiti ya miaka 5 iliyopita huenda akaambiwa ipo, ila haifunguki.

Ujumbe wa "imekamilika" kwenye skrini si ushahidi. Fundi arejeshe faili moja kutoka kila seva, alifungue, alisome.