Mwanao anajifunza Kihispania kwenye simu? Kiswahili chako kinatosha kumsaidia

Mzazi anaweza kuwa Mkumbara, wilayani Korogwe, anachambua maharage uani, akamsikia mtoto aliyeshika simu yake akirudia "me gusta, me gusta". Wengine huanza kwa kupenda mpira wa Hispania, wengine kwa video, wengine wamesikia kwamba waongoza watalii wa Arusha na Zanzibar hupokea wageni wa lugha hiyo. Mzazi anajisemea: hapa mimi sina msaada. Unao, tena mwingi.

Na Kihispania si kigeni sana kwa watu wa Korogwe. Mkonge wa mashamba yetu asili yake ni Mexico, ambako watu huzungumza Kihispania, na jina "sisal" ni la bandari ya huko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida. Katika miche 1,000, iliyofika hai ni 62 tu. Msimulie mtoto hadithi hiyo kwanza, sarufi itafuata.

Sasa turudi kwenye "me gusta". Watoto wengi huambiwa maana yake ni "napenda", wakaishia kusema "yo gusto", wakidhani wamesema "mimi napenda". Mhispania atacheka kidogo, maana hapo mtoto amesema yeye ndiye anayependeza! Maana iliyo karibu zaidi ni "inanipendeza". Kinachotenda ni kitu. Mimi ninafikiwa tu na utamu wake.

Mtoto wa Kiswahili anaujua mtindo huo tangu utotoni. Embe linanipendeza: "me gusta el mango". Maembe yananipendeza: "me gustan los mangos". Embe likiwa moja ni "gusta", yakiwa mengi ni "gustan", kama sisi tunavyotoka "li-" kwenda "ya-". Na ile "-ni-" yetu ndiyo "me" yao. "Te gusta" ni inakupendeza, "le gusta" ni inampendeza. Kukataa ni kuweka "no" mbele: "no me gustan los frijoles", maharage hayanipendezi. Herufi "j" hapo isomwe kama "kh" ya Sheikh. Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu, kwa hiyo ulimi wa mtoto hauna kazi kubwa. Hata meza yetu, tuliyoipata kwa Wareno, Mhispania anaiita "mesa".

Mitego ipo. Maziwa kwetu ni "ya-", lakini "la leche" kwao ni umoja, kwa hiyo "me gusta la leche". Vitendo navyo hubaki kwenye umoja: "me gusta leer", kusoma kunanipendeza. Na kijana wako mkubwa ajue kwamba "me gustas", akimwambia mtu, kwa kawaida ni kumtongoza. Rafiki wa kawaida huambiwa "me caes bien". Mama huambiwa "te quiero", na hiyo ukiisikia jikoni furahi tu.

Zoezi zuri kuliko yote ni chakula cha jioni, na hapo ndipo wazazi wengi tunakwama. Mtoto akisema "mlenda siupendi", jibu letu linajulikana: kula, wenzako wanalala njaa. Nadhani kinachotuudhi ni kwamba "sipendi" tunaisikia kama dharau kwa aliyepika. Jaribu kumruhusu aseme "no me gusta", kisha atafsiri: "haunipendezi". Mlenda umebaki mlenda, mama hajatukanwa, na mtoto amesema ukweli. Kula atakula, maana sufuria ni moja. Lakini umeshajua, na siku nyingine utampunguzia au utamwongezea ndimu.

Nasisitiza hili kwa sababu haliishii kwenye mlenda. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa anaposema hapendi chakula, atanyamaza pia pale asipopenda namna mtu mzima fulani anavyomshika au anavyomwita chumbani. Akikwambia kwa lugha yoyote kwamba fulani hampendezi, usianze na "mheshimu, ni mkubwa wako". Muulize kwanza, taratibu, mkiwa wawili: anakufanyia nini? Wapi? Msikilize mpaka amalize, usimkaripie. Shikamoo ataendelea kutoa. Heshima haikatazi mtoto kusema.

Kwa mazoezi, simu si lazima. Mkipita sokoni Mombo, muulize "¿te gusta?" huku ukionyesha ndizi, nyanya, dagaa. Kila jibu alitoe kwa lugha mbili. Bibi naye asiachwe nje: mtoto amuulize anachopenda na asichopenda, amtafsirie, kisha bibi afundishe neno hilohilo kwa Kisambaa au Kizigua. Na wewe mzazi uulizwe pia. Jibu kweli. Kama ugali wa jana ulikuwa mbichi, sema "no me gusta", mtoto asikie namna mtu mzima anavyolisema neno hilo bila kugombana.