Wadogo, wa Kwanza na Waliochelewa

Pita uwanja wowote alasiri huku kusini mwa Kwale, kuanzia Majoreni hadi Vanga, hutakosa mtoto anayecheza pekupeku ambaye tayari wenzake wamempachika jina la Yamal. Zamani alikuwa Messi. Akipiga chenga mbili tu, wazee walioketi kivulini huulizana: ana miaka mingapi huyu?

Wana haki ya kuuliza. Lamine Yamal alipoifungia Uhispania dhidi ya Ufaransa, Julai 2024, alikuwa na miaka 16 na siku 362, mdogo kuliko yeyote aliyewahi kufunga bao katika Euro. Kwa Kombe la Dunia, rekodi kama hiyo ni ya Pelé tangu 1958, alipokuwa na miaka 17.

Lakini umri hudanganya. Freddy Adu, mzaliwa wa Tema, Ghana, aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2004 akiwa na miaka 14. Wakati huo hakuna aliyewahi kuicheza akiwa mdogo hivyo. Wakamwita Pelé mpya. Baadaye akawa mtu wa kuhama klabu hadi klabu.

Mimi nauliza jingine: baada ya mwenye rekodi, ni kipi ambacho watu hawawezi tena kusema hakiwezekani? McDonald Mariga alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Inter, nao wakalitwaa kombe hilo 2010. Mdogo wake, Victor Wanyama, akawa Mkenya wa kwanza kufunga humo. Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, huko Glasgow, Celtic walipata kona dakika ya 21. Mpira ukaelea hadi mlingoti wa pili, Wanyama akaruka, kichwa, wavuni. Barcelona ya Messi na Xavi ililala 2-1. Alikuwa na miaka 21.

Mwenye rekodi ya ajabu kuliko zote, kwangu, ni Michael Olunga, na yeye hakuwahi kuwa mtoto wa maajabu. Alikuwa akisomea uhandisi chuoni Nairobi huku akicheza ligi ya nyumbani. Novemba 2019, akiwa na miaka 25, aliifungia Kashiwa Reysol ya Japani mabao 8 katika mechi moja waliyoichapa Kyoto Sanga 13-1. Nane! Huenda ungedhani ni bahati ya ligi ya daraja la pili. Mwaka uliofuata, daraja la kwanza, alifunga 28 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Wale wazee wa kivulini wangekuwa wamemkatia tamaa miaka saba kabla.

Na timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, la umri wowote ule? Ni wasichana wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, mwaka 2024 huko Jamhuri ya Dominika. Wavulana bado.

Basi kocha wa Majoreni, ukimwona huyo Yamal wako, mtafutie cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli, na asikose shule kwa sababu ya mpira. Dada yake naye akitaka kucheza, mpe namba.