MGONJWA WA SARATANI AULIZWE: "UNAJISIKIAJE?"

Vijijini kwetu mtu akiambiwa ana saratani, au kansa kama wengine tunavyoiita, watu huuliza jambo moja tu: "Je, atapona?" Ni swali la haki. Lakini yapo maswali mengine ambayo hatuyaulizi. Analala usiku? Anaumwa wapi? Anaogopa nini? Anawaza nini juu ya watoto wake?

Leo tutaeleza kwa nini maswali haya ni sehemu ya matibabu. Tutaeleza pia jinsi sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunavyoweza kuyatumia nyumbani.

SARATANI NI UGONJWA GANI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huzaliwa, hukua na kufa kwa utaratibu. Saratani huanza pale chembe fulani zinapoacha utaratibu huo na kuongezeka ovyo. Huweza kufanya uvimbe, au kidonda kisichopona. Baadaye huweza kusambaa sehemu nyingine za mwili.

Saratani si kurogwa. Tena mtu haipati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye chumba kimoja. Basi hakuna sababu ya kumwekea kikombe chake peke yake. Kumtenga hakumkingi mtu yeyote. Humwongezea mgonjwa huzuni tu.

Saratani nyingine hupona, hasa mgonjwa akiwahi hospitali. Lakini hapa Tanzania wagonjwa wengi hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Hapo kupona huwa kugumu. Je, ndiyo tuseme hakuna la kufanya? Hapana. Lipo la kufanya, tena kubwa.

MAUMIVU SI YA MWILI TU

Huko Uingereza alikuwako daktari mmoja mama, Cicely Saunders. Kabla ya kuwa daktari alikuwa muuguzi. Mwaka 1967 alifungua hospitali ya St Christopher's, London, ya kuwatunza watu wenye magonjwa yasiyopona. Aliwasikiliza wagonjwa wake kwa makini. Akafundisha kwamba maumivu yao ni ya namna nne:

1. Maumivu ya mwili.
2. Maumivu ya moyo, kama hofu na huzuni.
3. Maumivu ya maisha, kama kukosa fedha, kuacha shamba, au kutengwa na watu.
4. Maumivu ya roho. Mtu hujiuliza, "Kwa nini mimi?"

Maumivu haya hushikana. Mwenye hofu halali. Asiyelala huumwa zaidi. Anayeumwa hali. Asiyekula hukosa nguvu, na hofu yake huzidi. Kwa hiyo kutibu uvimbe peke yake hakutoshi.

WATAFITI WALIONA NINI?

Zamani madaktari walipima dawa ya saratani kwa mambo mawili: uvimbe umepungua kiasi gani, na mgonjwa ameishi muda gani. Baadaye wakaona lipo jambo la tatu, yaani mgonjwa anaishi vipi. Wataalamu huliita ubora wa maisha. Mwaka 1993 watafiti wa Ulaya walitoa orodha ya maswali 30 ya kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Anaulizwa kama anaweza kuvaa na kunawa bila msaada, kama analala, kama ana wasiwasi, hata kama ugonjwa umemletea shida ya fedha.

Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Boston, Marekani. Wagonjwa walikuwa 151. Wote walikuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida. Kundi la pili lilipata matibabu hayo hayo, na kuongezewa tiba shufaa tangu mwanzo. Tiba shufaa ni huduma ya kupunguza maumivu, kusikiliza hofu za mgonjwa na kuisaidia familia yake.

Baada ya wiki 12, katika kundi la kwanza watu 38 kati ya kila 100 walikuwa na dalili za huzuni nzito ya ugonjwa, ile inayoitwa sonona. Katika kundi la pili walikuwa 16 tu kati ya kila 100. Kumbe si hilo tu. Katika kundi la kwanza, nusu ya wagonjwa waliishi karibu miezi 9 au zaidi. Katika kundi la pili, nusu waliishi zaidi ya miezi 11. Tusidanganyane: tiba shufaa haiponyi saratani, na tafiti nyingine hazikuonyesha kila mara kwamba inaongeza siku. Lakini kupunguza mateso, hilo limeonekana tena na tena.

Mwaka 2017 yakaja matokeo mengine kutoka New York. Wagonjwa 766 waligawanywa. Wengine walieleza shida zao kwa daktari siku ya kliniki, kama kawaida. Wengine waliziandika wenyewe kwenye kompyuta mara kwa mara, na shida ikizidi muuguzi alipata habari mapema. Hao walioandika waliishi kama miezi 5 zaidi kuliko wenzao, kwa kipimo kile kile cha nusu ya wagonjwa.

KIPIMO CHA VIDOLE

Mtu atasema, "Hayo ni ya wenye kompyuta." Sivyo. Hapa kwetu Afrika wataalamu wa tiba shufaa wanatumia kipimo kisichohitaji kompyuta. Kipimo chenyewe ni mkono wa mgonjwa.

Mwulize: "Mama, kwa siku hizi tatu, maumivu yamekuwa vidole vingapi?" Akikunja ngumi, hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Uliza hivyo hivyo juu ya wasiwasi. Kisha mwulize kama ameweza kuwaeleza watu wake yaliyo moyoni, na kama moyo wake umetulia. Kwa maswali haya mawili, vidole vitano ni vizuri, na ngumi ndiyo mbaya.

Usimjibie. Baba anaweza kusema "sijambo" mbele ya wageni, lakini vidole vyake vikasema vinne. Wala usimlazimishe kusikia yote kuhusu ugonjwa wake. Mwulize kwanza angependa kujua nini.

DAFTARI LIFANYE KAZI

Chukua daftari. Kila jioni andika mistari michache, kwa mfano:

Jumatatu. Maumivu vidole 4. Alilala saa 2 tu. Alikula vijiko 3 vya uji. Hajapata choo siku 3. Amesema anawaza ada ya watoto.

Mpeleke mgonjwa kliniki na daftari lake. Mganga akisoma ataona mambo ambayo mgonjwa angeyasahau au angeona haya kuyasema. Shida ikizidi, usingoje siku ya kliniki. Nenda zahanati mapema. Na mgonjwa akisema hataki tena kuishi, usimkemee. Kaa naye, usimwache peke yake, na umweleze mganga siku hiyo hiyo.

Dawa ya maumivu makali ipo. Inaitwa mofini, na ipo ya maji ya kunywa. Wengine huikataa kwa kuogopa kwamba itamlevya mgonjwa, au kwamba ni dawa ya kufia. Ikitumika kama daktari alivyoagiza, ni dawa salama. Mara nyingi hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Huleta choo kigumu, kwa hiyo daktari hutoa na dawa ya kulainisha choo. Nchini Uganda, sheria ya mwaka 2004 iliruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika, ili iwafikie watu wa vijijini.

Ndugu wasomaji, si kila mgonjwa tutaweza kumponya. Lakini kila mgonjwa tunaweza kumwuliza, kumsikiliza na kumwandikia.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini wagonjwa wengi hapa kijijini huficha maumivu yao?
2. Taja namna nne za maumivu. Ipi tunaisahau zaidi?
3. Anayemtunza mgonjwa naye huchoka. Majirani wamsaidie vipi?