Visa ya kazi imetoka Marekani: kodi ya mtoto inahesabiwa namna gani?

Katika miji yetu ya migodi, toka Kipushi mpaka Kolwezi, kuko wazazi wenye mtoto wao alienda kusoma kazi ya mine kule Marekani. Siku anapiga simu kusema visa ya kazi imetoka, kwa nyumba ni furaha. Miezi mbili kiisha, matata inaanza: franga yenye anatuma imepunguka, na baba anasema mtoto amebadilika. Hayo maneno yanatufikia mara kwa mara kwenye biro ya sendika, njo maana tunayaandika hapa.

Tuanzie kwa karatasi ya mshahara, juu ile mchimbaji anaijua. Mwanafunzi wa visa F-1, miaka yake mitano ya kwanza, hakatwe franga ya Social Security na Medicare, hata kama anafanya kazi ya mazoezi kiisha diploma. Akiingia H-1B, mara nyingi tarehe 1 Oktoba, wanaanza kumukata 6.2% na 1.45%, jumla 7.65%. Kwa mshahara wa dola 5,000 kwa mwezi, ni dola 382.50 yenye inaenda, mbali na kodi yenyewe. Ni sawa na ile 5% yetu ya CNSS, paka ya kwao ni kubwa. Basi baba, mtoto hakukula kitu.

Sasa kodi yenyewe. Hapa kwetu mwajiri anakata kodi ya mshahara na kuipeleka. Kule mwajiri anakata pia, lakini mfanyakazi anajaza mwenyewe hesabu ya mwaka, mwisho tarehe 15 Aprili. Na hapo njo wengi wanajikwaa: visa ni neno moja, kodi ni neno lingine. IRS, ni kusema ofisi ya kodi ya kule, inahesabu siku.

Siku za mwanafunzi F-1 hazihesabiwe kwa miaka mitano ya kalenda. Mwaka wa kuingia, hata kama ni miezi ine tu, unahesabiwa mwaka mzima. Miaka mitano ikiisha, ao akipata visa ya kazi mbele yake, siku zinaanza kuhesabiwa. Wanachukua siku za mwaka ule, wanaongeza theluthi ya siku zilizohesabiwa mwaka wa nyuma, na sehemu ya sita ya zile za mwaka wa mbele yake. Ikifika 183, mtu ni mkaaji kwa kodi. Isipofika, ni mgeni.

Tuseme kijana mmoja aliingia Agosti 2021, akapata H-1B tarehe 1 Oktoba 2025. Siku zake za 2025 ni 92 tu: yeye angali mgeni, anajaza fomu 1040-NR. Mwenzake aliingia Agosti 2020, na visa ya kazi walipata siku moja. Huyu miaka yake mitano iliisha na 2024. Siku zake zinahesabiwa toka Januari 2025, hata kama alikuwa angali F-1: ni mkaaji mwaka mzima, anajaza 1040, na ile 7.65% ilipaswa kukatwa toka Januari. Visa moja, siku moja, fomu mbili!

Programu nyingi za kujaza kodi kwa intaneti zinajua paka 1040. Mgeni akiitumia, inamupa punguzo la kawaida, dola 15,750 kwa mtu bila ndoa kwa mwaka 2025, lenye hana haki nalo. Anarudishiwa franga nyingi, anaituma nyumbani, tunakula. Kiisha IRS inaiomba tena, na riba juu. Aliyekosea anasahihisha na fomu 1040-X, na ni heri aiwahi mbele wao wamuone. Wanafunzi wa India wanapata lile punguzo kwa mkataba wa nchi yao. Congo haina mkataba wa kodi na Marekani, na hilo siye tunaona wabunge wetu wangeliuliza.

Neno lingine linatuhusu siye wazazi. Mgeni analipa kodi kwa mapato ya Marekani tu. Mkaaji anatangaza mapato yake ya dunia nzima. Kama uliandika nyumba ya Likasi kwa jina la mtoto, franga ya wapangaji inaingia katika hesabu yake kule. Kodi iliyolipwa hapa inaweza kupunguza ya kule, kama risiti iko. Konti zake za banki huku, zikipita dola 10,000 zote pamoja hata siku moja, anazitangaza kwa karatasi ya peke, na amendi ya kuzificha inaweza kupita hiyo dola 10,000. Wazazi wanaoishi Congo hawezi kuwaandika kama watu anaowalisha, hata akituma kila mwezi.

Kwa hiyo mwezi wa pili usingoje akuombe: mutumie risiti za wapangaji na karatasi ya banki ya mwaka mzima, na umuulize aliingia Marekani mwaka gani.