Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Siri ya Tetemeko la Ardhi

Msomaji mpenzi, hebu chukua rula ya plastiki uishike ncha zake mbili, kisha uipinde polepole. Inapinda tu, kimya. Ukizidi, kacha! Inakatika, na vile vipande viwili vinarudi kunyooka ghafla mpaka viganja vinawasha. Ukiyaelewa hayo, basi umeelewa jambo ambalo profesa mmoja wa Marekani alilieleza mwaka wa 1910.

Profesa huyo ni Harry Fielding Reid wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906, mji wa San Francisco ulitikiswa kwa muda wa kama dakika moja hivi. Majumba yaliporomoka, moto ukazuka ukateketeza mji kwa siku tatu, na watu wapatao 3,000 wakafariki. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 400, karibu kama safari ya Nairobi hadi Mombasa! Mahali pamoja, ua wa shamba uliokuwa umenyooka ulikatwa na nusu yake ikasukumwa kando zaidi ya mita 2.

Reid alilinganisha vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla ya tetemeko na vile vya baadaye. Akaona kwamba sehemu zilizo mbali na ufa zilikuwa zikisogea pande tofauti miaka mingi kabla ya 1906. Lakini kwenye ufa wenyewe, miamba ilikuwa imeshikana, haiachani. Kwa hivyo ilipindika kama ile rula yako. Siku iliposhindwa kuvumilia iliachana, ikarudi kunyooka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tetemeko.

Je, ni nani aliyekuwa akiipinda? Jibu lilikuja miaka ya 1960, wanasayansi walipotambua kuwa gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayotembea. Kule California, bamba la Pasifiki na lile la Amerika Kaskazini hupitana kwenye ufa uitwao San Andreas, kama sentimita 3 au 4 kwa mwaka. Huo ni mwendo wa kucha zikikua! Lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika miaka 100 ni mita 3 au zaidi.

Sasa wapo watu wasemao, "Hayo ni mambo ya Wamarekani na Wajapani, sisi hapa hatuna neno." Sivyo hata kidogo. Tarehe 6 Januari 1928, Subukia ilipigwa na tetemeko la kipimo cha karibu 6.9. Hapa kwetu mabamba hayapitani bali yanaachana, na Bonde la Ufa ndilo alama yake. Yanaachana milimita chache tu kwa mwaka, kwa hivyo kibaba huchukua muda mrefu kujaa. Hatari yake iko papo hapo. Walioshuhudia wamekwisha kufa, na wajukuu wanajenga maghorofa wakidhani kimya ni usalama.

Waama, hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko. Anayekuambia ati litakuja kesho usiku, mpuuze. Lakini wataalamu wanajua mahali palipo na nyufa, na wanajua kwamba aghalabu kinachoua si mtikisiko wenyewe bali ni kuta na dari zinazoanguka. Ndiyo maana nondo na saruji ya kutosha si anasa, maanake nyumba ya mawe yasiyofungwa vizuri hubomoka upesi.

Nasi wanafunzi je? Ardhi ikitikisika tukiwa darasani, tusikimbilie mlangoni tukakanyagana. Ingia chini ya dawati, kinga kichwa, shikilia mguu wa dawati mpaka litulie, kisha mtoke kwa utaratibu hadi uwanjani, mbali na kuta.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani walikuwa wakisema juu ya watu, lakini mawe nayo yamo. Tahadhari kabla ya hatari.